Sakafu ya Nyumba Kati

Mtu wa Amu akitaka kukukatalia jambo hakwambii hapana. Atakwambia inshallah, atakukaribisha kahawa, atakuuliza habari za watoto mmoja mmoja kwa majina, na utatoka kwake umeshiba bila kupata ulichokwenda kukitafuta. Ni ustaarabu, na si wa kudharauliwa, maana umeepusha magomvi mengi katika mji ambao kuta za nyumba zimeegemeana. Lakini una siku zake mbaya, na Mwalimu Umulkheir alizipata siku hizo kwa sababu ya choo.

Mama yake, Bi Barka, mwenye miaka sabini na tisa, aliteleza mwezi wa Rajabu. Choo cha nyumba yao kiko ng'ambo ya kiwanda, ule uwanja wa ndani usio na paa, na ili kukifikia lazima upande vidato vitatu virefu vya mawe, vilivyojengwa na watu ambao magoti yao, bila shaka, yalikuwa mazima. Hakuvunjika, alhamdulillahi. Aliumia goti na nyonga, akalala wiki mbili. Kaka yake Umulkheir, Jeilani, anayefanya kazi ya kutoa mizigo bandarini Mombasa, alifika siku ya pili. Akamtazama mama, akaitazama nyumba, na kahawa aliyopewa haijapoa alikuwa ameshaamua.

"Mama atatengezewa choo cha kukalia, hapa hapa karibu na kitanda," alisema. "Nyumba kati imekaa bure. Twavunda sakafu, twapitisha bomba, wiki moya kazi imekwisha."

"Mungu akuweke, mwanangu," akasema Bi Barka kitandani.

"Inshallah, kaka," akasema Umulkheir.

Na kati ya wanawake wale wawili hakuna hata mmoja aliyetaka sakafu ile iguswe.

Ili jambo hili lieleweke, lazima mtu aijue nyumba yenyewe. Nyumba ya Bi Barka iko mtaa wa Mkomani, imejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na wanaojua kuzisoma kuta husema imepita miaka mia mbili. Ukitoka kichochoroni unakutana na daka, penye mabaraza mawili ya mawe wanapokalishwa wageni wa kiume. Ukipita mlango kuna tekani, ukumbi mdogo uliopindishwa makusudi ili mpita njia asione ndani hata mlango ukisahauliwa wazi. Kisha kiwanda, kisha chumba kiitwacho msana wa mbele, kisha msana wa nyuma, kisha chumba kinachoitwa ndani. Vyumba vyote ni virefu na vyembamba, kwa kuwa boriti ya mkoko ina urefu wake na haibembelezeki. Fundi wa zamani alijenga kwa boriti aliyoipata, hakuota ukumbi wa harusi. Kila unapozidi kuingia sakafu inapanda kidato kimoja na kelele za mtaa zinapungua, mpaka ufike ndani, penye ukuta mzima wa zidaka, vile vishubaka vya plasta vilivyochongwa safu juu ya safu, ambavyo wageni huvipiga picha mpaka simu ziwazimikie mkononi.

Wageni huishia hapo. Nyuma ya ukuta wa zidaka kuna mlango mfupi wa kuinama, na nyuma ya mlango kuna chumba kisicho na dirisha wala nakshi. Hicho ndicho nyumba kati. Hapo ndipo wanawake wa nyumba walipojifungua na kukaa arubaini zao, hapo mjane alipokaa eda, na hapo maiti alipooshwa, maji yake yakaingia ardhini bila kupita mbele ya macho ya watu. Siku hizi wanawake wanazaa hospitali, na nyumba kati nyingi za mjini zimekuwa stoo za magodoro na majenereta. Ya Bi Barka ilikuwa tupu, na ilifagiwa kila Ijumaa.

Ilifagiwa kwa sababu kulikuwa na mtu.

Umulkheir aliambiwa habari hiyo miaka ishirini na miwili iliyopita, akiwa katikati ya arubaini yake, amelala katika chumba kile na binti yake Hadil kifuani. Bi Barka alikuwa akimkanda kwa maji ya moto. Akamwonyesha pembe ya kushoto, akamweleza kwa sauti ya mtu anayemwonyesha mwenzake mahali alipoweka funguo. Kabla ya Jeilani alikuwepo mwingine, mwanamume. Alizaliwa wa miezi saba na hakulia. Nyanya ya Bi Barka alimwosha, akamvika kitambaa cheupe, na wanawake wakamzika pale pale chini ya sakafu, kama wadogo wa namna yake walivyozikwa katika nyumba za mawe tangu zamani, ili asiende kulala mbali na mamake. Mwaka mmoja na nusu baadaye akaja Jeilani, akalia mpaka wakamsikia mtaa wa pili.

"Usimwambie mtu khabari hini," alisema Bi Barka, huku akikamua kitambaa. "Hata nduguyo. Babako alimwita kifungua mimba, na jina limemkaa. Mwate nalo, asivuliwe."

Lilimkaa kweli kweli. Kuna watu wanaozaliwa wa kwanza wakasahau, na kuna Jeilani. Akiwa na miaka sita alikuwa akiwapanga wenzake wa kichochoroni kwa mstari. Sasa ana hamsini na saba, na katika kila kikao cha ukoo sentensi yake ya kwanza ni ile ile: "Mimi kama mkubwa wenu." Hakuwa mtu mbaya hata kidogo. Alimpigia mamake simu kila siku baada ya sala ya alfajiri, na hakuna mgonjwa wa mtaa aliyesafirishwa Mombasa asimpokee yeye. Kasoro yake ni kwamba hakuwahi kumuuliza mtu anataka nini. Aliona, akaamua, akatenda, kisha akasubiri kushukuriwa, na watu wakamshukuru kwa kuwa mara nyingi alistahili.

Kwa mtu kama huyo, kusema sitaki ni sawa na kumpiga kofi. Alwi, mume wa Umulkheir, anayeendesha mashua za wageni Ras Kitau, hakuwa na la kusaidia. Nyumba za Amu ni za wanawake, na katika miaka yote aliyoishi ghorofa ya juu hakuwahi kuulizwa maoni yake kuhusu ukuta wowote, naye hakuwahi kuyatoa. Lakini Umulkheir hakuhangaika sana mwanzoni, maana alikuwa na wakili. Wakili wake alikuwa serikali.

Nyumba ile imeorodheshwa miongoni mwa majengo ya kale yanayolindwa. Katika nyumba ya namna hiyo huwezi kubadilisha mlango, kupandisha ghorofa wala kupaka sementi bila barua ya ofisi ya uhifadhi wa mji. Umulkheir mwenyewe aliwahi kuzuiwa kuweka tangi la plastiki juu ya dari mpaka alizungushie ukuta lisionekane. Watu waliokataa tangi, alijiambia, watakubali vipi sakafu ivunjwe? Kwa hiyo akamwambia kaka yake, "Wakikubali wao, mimi ni nani?" na Jeilani akaridhika. Fomu akaijaza yeye, kwa mwandiko wake mzuri wa ubaoni. Pale Jeilani alipomwambia aandike kurekebisha, yeye akaandika kuvunja. Alitaka neno la kuwashtua.

Mkaguzi akaja siku ya Jumanne, asubuhi ya saa nne. Alikuwa msanifu wa majengo, binti wa Nyeri aitwaye Nyaguthii, aliyekuwa na miaka miwili Lamu na ameshayajua majina ya sehemu zote za nyumba kuliko vijana wengi waliozaliwa humo. Alipima, akagonga kuta kwa kifundo cha kidole, akasikiliza. Katika tekani alikuta kiraka cha sementi alichokipaka marehemu Mzee Abdulqadir, baba wa nyumba, na uso ukamkunjamana.

"Hii sementi mtaitoa, Mwalimu," alisema. "Ukuta wa chokaa unapumua. Ukiupaka sementi umeuziba pua, halafu chumvi inaula kutoka ndani."

Akakemea waya za umeme. Akakemea misumari. Kila alipokemea, Umulkheir alizidi kumpenda, na walipofika nyumba kati alikuwa na hakika kwamba kazi imekwisha.

Nyaguthii akainama, akaingia, akawasha tochi. Akamulika kuta, akamulika dari, akasimama katika pembe ya kushoto akiandika. Umulkheir alitaka kumwambia asogee.

"Hii chumba haina nakshi," alisema mkaguzi. "Haina zidaka, haina plasta ya zamani. Hata sakafu ilipigwa upya, si ya kwanza. Miaka hamsini hivi, ama sitini."

Hamsini na tisa, Umulkheir alisema moyoni.

Walipotoka, Bi Barka alikuwa ameshaagiza. Mgeni akakalishwa penye mkeka mzuri, akaletewa kahawa ya tangawizi, mahamri ya iliki na halwa ya siku ile ile. Akala kwa adabu, akasifu, kisha akamgeukia mama mwenye nyumba. "Bibi, hii choo wanataka kukujengea. Wewe mwenyewe unaionaje? Itakusaidia?"

Umulkheir aliitazama midomo ya mamake. Saa ilikuwa hiyo. Lakini Bi Barka aliona jambo jingine: aliona mgeni aliyetoka mbali anamtaka amkosoe mwanawe wa kiume mbele ya sinia ya kahawa. Akautengeneza mtandio wake.

"Jeilani hakosi," alisema. "Mwana akikupa kitu utakirudisha? Kitanifaa, inshallah."

Inshallah ile Umulkheir aliielewa vizuri sana. Nyaguthii, mtoto wa watu, akaandika kwamba mkaaji wa nyumba amekubali.

Mlangoni, mkaguzi akasimama na karatasi yake. "Mwalimu, kuna kitu ingine kuhusu hiyo chumba napaswa kujua? Niko na nafasi hapa ya maelezo."

Sentensi moja ingetosha. Umulkheir alijua sheria kuliko watu wengi. Alijua kwamba pakitajwa mtu aliyezikwa, hakuna nyundo itakayoinuliwa. Lakini alisikia maji yakikamuliwa kwenye kitambaa, miaka ishirini na miwili nyuma, na sauti ya mamake ikisema usimwambie mtu. Aibu ikamshika, na uaminifu ukamshika, na pamoja na hayo alikuwa bado anaitumaini ofisi.

"Hapana," akasema.

Ndiyo hapana pekee aliyoitamka mwezi ule mzima, na aliitamka mahali sipo.

Barua ikaja baada ya wiki tatu. Kazi imekubaliwa kwa ajili ya afya ya mkaaji mzee. Masharti: itumike chokaa, mlango usipanuliwe, bomba lisipite ukuta wa zidaka. Halafu sentensi moja ambayo Umulkheir aliisoma mara tatu akiwa amesimama katika ofisi ya walimu: chumba husika hakina kitu chenye thamani ya pekee. Akapandwa na hasira. Kisha hasira ikageuka ikamrudia mwenyewe, maana ile nafasi ya maelezo aliiacha tupu yeye.

Jeilani akaja siku ya Ijumaa pamoja na choo. Kiliingia mjini kwa mashua kutoka Mokowe, kikafungwa kamba juu ya punda, cheupe, kinang'aa, kikapandishwa barabara kuu huku wenye maduka wakiitikia salamu za Jeilani na kumwombea dua Bi Barka. Alasiri haijafika, Mkomani nzima ilikuwa na habari. Kikawekwa dakani kwenye baraza la mawe, kikakaa pale kama mgeni anayengoja kukaribishwa. Fundi Dawud, mwashi aliyezaliwa Pate, anayeaminika kwa kazi ya chokaa, akaja kukitazama, akasema ataanza kesho saa mbili asubuhi.

Baada ya sala ya alasiri Jeilani akatoka kuwaamkia jamaa. Umulkheir akaenda kukaa ukingoni mwa kitanda cha mamake.

"Mama, kesho wavunda."

"Nasikia."

"Mimi nalidhani wale wa ofisi watakataa."

"Na mimi nalidhani utakataa we," akasema Bi Barka.

Umulkheir akamtazama. "Mama, si we ulienambia nisinene?"

"Nalikwambia usinene khabari ya mwana. Sikukwambia usinene sitaki."

Umulkheir alikuwa na miaka arubaini na minane, amefundisha watoto wa watu kusema kwa ufasaha tangu ujana wake, na hakuwahi kufikiri kwamba mtu anaweza kusema sitaki kisha akafunga mdomo, bila sababu na bila kahawa.

"Na we Mama, mbona huneni?"

Bi Barka alilipapasa goti lake kwa muda. "Nikinena sitaki, Jeilani ataniuliza kwani. Nami sijamwambia urongo tangu azawe, nalinyamaza tu. Nikimwambia kweli, nimemvua nguo alovishwa na babake." Akavuta pumzi. "Na goti laniuma, Umu, nisikufite. Choo nakitaka. Sikitaki hapo."

Hakusema zaidi, na Umulkheir hakumshurutisha. Alimkanda goti mpaka adhana ya magharibi, na katika kulikanda huko akajua kwamba kesho hapana wa kumtuma mbele yake, si serikali wala mama. Aliogopa. Kugombana na Jeilani hakuwahi, na hakujua mtu anaanzaje.

Lisilo budi hutendwa. Saa mbili asubuhi Fundi Dawud alikuwa ameshatandika magunia juu ya misana ili vumbi lisienee, na ameshaleta nyundo, tindo na mtaimbo. Jeilani alikuwa amevaa kikoi na fulana, furaha imemjaa, anaelekeza. Bi Barka alikuwa amekaa kitandani, ameegemea mto. Umulkheir akapita katikati yao wote, akaenda kusimama kwenye mlango mfupi wa nyumba kati, akaupa mgongo.

"Sitaki," akasema.

Jeilani hakusikia, au hakuamini alichokisikia. "Hutaki nini?"

"Sitaki sakafu hini ivundwe."

"Barua si hini hapa? We mwenyewe uliandika."

"Naliandika. Sasa sitaki."

"Kwani?"

"Sitaki tu, kaka."

Fundi Dawud akaanza kuuchunguza mtaimbo wake kwa makini, kana kwamba ni mara yake ya kwanza kuuona. Jeilani akatazama kushoto na kulia akitafuta mtu wa kumweleza mzaha huu. Alipoona hapana anayecheka, uso ukambadilika, na kilichoingia kwanza usoni mwake kilikuwa uchungu, hasira ilifuata nyuma.

"Mama akianguka tena? Nimeacha kazi zangu, nimetafuta ruhusa, nimeleta kila kitu kwa mkono wangu, na we wanambia hutaki, bila sababu?" Sauti ikapanda. "Mimi najua. We wataka nyumba ibaki vile vile, wageni waye wapige picha, wakusifu kwamba umehifadhi. Na mamako atambae kiwandani kwa mikono."

Lilimchoma. Machozi yakamjaa Umulkheir mpaka hakumwona tena vizuri, na jibu lilikuwa mdomoni, fupi, lingemnyamazisha mara moja. Akaliuma. Alibaki pale pale na mikono nyuma, ameshika miimo ya mlango.

"Ondoka hapo, Umulkheir. Sikuombi. Mimi ndimi mkubwa. Mimi ndimi kifungua mimba wa nyumba hini, na nikishanena neno—"

"Siwe," akasema Bi Barka.

Hakupaza sauti. Ila kwa mama ambaye mwanawe hakuwahi kumsikia akimkatiza, ilitosha. Jeilani aligeuka.

"Siwe kifungua mimba, Jeilani. Kifungua mimba yuko hapo nyuma ya nduguyo. Mwate nduguyo, usimtukane. Yeye amenitunzia siri yangu, na sitakaa hapa nikimwona akitukanwa kwa ajili yangu."

Fundi Dawud, ambaye ni mtu aliyelelewa, alikusanya vyombo vyake taratibu, akatoka akaenda kukaa dakani kando ya choo.

Bi Barka akaeleza. Hakukuwa na mengi: miezi saba, nyanya yake, kitambaa cheupe, pembe ya kushoto. "Alikuwa na nywele nyingi," akaongeza mwishoni. "Kama zako ulipozawa." Hilo Umulkheir naye hakuwahi kuambiwa.

Jeilani alikaa chini kwenye kidato, pale sakafu ya msana inapopanda kuingia ndani. Mikono yake mikubwa ililala mapajani haina kazi. Umulkheir alikuwa amemkasirikia muda mfupi uliopita, na sasa akamwonea huruma mpaka akataka kwenda kumfunika na kitu.

"Baba alijua?" Jeilani akauliza.

"Ndiye alopiga sakafu upya, kwa mikono yake. Kisha akatoka, na mle hakuingia tena."

"Kwani basi akaniita vile?"

"Mwaka mzima alikuwa hateki, meno hayaonekani, Jeilani. Ulipozawa we ukalia, akateka. Nalimwona. Akatoka dakani akiwambia watu, kifungua mimba wangu huyo, kifungua mimba wangu." Bi Barka akanyoosha mkono kuelekea kwake, ingawa hakumfikia. "Ningemsahihisha vipi?"

Kutoka kichochoroni zilisikika kwato za punda akipita, kisha nazo zikaisha. Jeilani aliitazama sakafu kwa muda mrefu. Hapana aliyemharakisha. Umulkheir aliachilia miimo ya mlango, vidole vikiwa vimemfa ganzi, akajifuta macho kwa ncha ya leso.

"Nisamehe, Umu," Jeilani akasema bila kuinua kichwa.

"Yamepita, kaka."

Akainuka, akaenda akakaa ukingoni mwa kitanda, akaushika ule mkono wa mamake. Alifungua mdomo kama mtu anayetaka kutoa amri, akaufunga, akaanza tena.

"Na choo, Mama? Wataka kitiwe wapi?"

Bi Barka alimtazama vizuri, kuhakikisha kwamba ameulizwa kweli. "Kitie pale pale kilipo cha zamani," akasema. "Niondolea zile zidato, utie mteremko, na kitu cha kushika ukutani. Na kipaa kidogo cha kuzuia mvua. Hayo tu."

"Tangu Rajabu wayajua hayo?"

"Tangu Rajabu."

Fundi Dawud akaulizwa kwa sauti, naye akajibu kutoka dakani, haraka sana kwa mtu aliyekuwa hasikilizi, kwamba ni kazi ya siku nne na itataka barua nyingine. Umulkheir akasema barua ataiandika yeye.

Jeilani alikuwa bado hajamaliza. Aliuachia mkono wa mamake, akavua kandambili zake, akaja mpaka kwenye mlango mfupi. Umulkheir akampisha. Mtu mrefu, mnene, hakuwahi kuingia mle tangu alipotolewa akiwa mtoto wa siku arubaini. Mambo ya nyumba kati si ya wanaume. Akainama, akaingia nusu, akasimama mbali na pembe ya kushoto, na mikono akaikunja kifuani kama watoto wa chuoni wanapofika mbele ya mwalimu wa Kurani.

"Asalamu aleikumu, kaka," akasema.

Umulkheir alikuwa nyuma yake, akasikia. Yeye alimwita Jeilani kaka tangu alipojua kusema. Hakuwahi kumsikia naye akimwita hivyo mtu wa nyumba yao. Hakuwa na wa kumwita.